Walaji wa Bakteria: Tiba Inayotafutwa Pale Antibaiotiki Zinaposhindwa

Jeraha la jembe au panga si jambo geni katika mashamba ya viazi ya Matamba, na mengi hupona kwa kuoshwa vizuri, kufungwa na kuachwa yapumzike. Lakini lipo jeraha linalokataa kupona. Wiki ya kwanza mwenye jeraha hununua vidonge vya rangi mbili dukani. Wiki ya pili hubadilishiwa, akapewa vingine ambavyo jirani alivisifu. Wiki ya tatu hufika zahanati mguu ukiwa umevimba, usaha unatoka, naye hakumbuki majina ya dawa alizokwisha kumeza. Mhudumu anayempokea hana kazi rahisi. Dawa anayofikiria kuiandika huenda ndiyo ile ile iliyoshindwa, na bakteria waliomo kidondani hawajitaji majina.

Somo la toleo hili linahusu swali ambalo wagonjwa wa namna hiyo na ndugu zao huuliza: dawa zikishindwa zote, kumebaki nini? Jibu mojawapo ni la zamani kuliko penisilini, hupatikana katika maji machafu na mboji, na limeanza tena kuchunguzwa kwa bidii, hata Nairobi na Kampala. Halijafika katika zahanati yoyote nchini Tanzania, na mkazi yeyote asisafiri kulitafuta. Hata hivyo, namna linavyofanya kazi inaeleza, pengine vizuri kuliko hotuba nyingi za afya, kwa nini kipimo cha maabara kinapaswa kuitangulia dawa.

Usugu unavyozaliwa

Antibaiotiki, ambazo vitabu vya Kiswahili huziita pia viuavijasumu, huua bakteria au huwazuia wasizaliane. Haziui virusi. Kwa hiyo mafua ya kawaida, ambayo baridi ya nyanda za Kitulo huyafanya yasikosekane majumbani, hayaponi kwa amoksilini hata mgonjwa akimeza dozi tatu mfululizo. Hupona yenyewe, na dawa husifiwa bure.

Katika mamilioni ya bakteria wanaoishi ndani ya kidonda kimoja, huwapo wachache ambao mabadiliko ya bahati katika vinasaba vyao yamewafanya wasiguswe na dawa fulani. Dawa ikiwaua wengine, wachache hao hubaki na uwanja mpana wa kuzaliana. Tena bakteria huweza kupeana vinasaba vya usugu, hata baina ya aina moja na nyingine, kama majirani wanavyoazimana mbegu. Hali hiyo ndiyo Wizara ya Afya huiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa tahadhari juu ya jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, wakati dawa hiyo ikiwa bado mpya kwa watu wengi duniani.

Gharama yake imepimwa hapa hapa nchini. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa mara 1,828 kati ya mwaka 2001 na 2002 wakishukiwa kuwa na maambukizi makali, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa watoto wenye malaria, waliofariki walikuwa asilimia 20.2. Ilionekana pia kwamba mtoto aliyepewa antibaiotiki ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Wazazi wengi humkimbiza mtoto hospitali kwa hofu ya malaria, na wanafanya vema. Takwimu hizo zinaonyesha kuwa upo ugonjwa mwingine wa homa ambao ni mkali zaidi, na ambao dawa yake isipokuwa sahihi huwa kama haikutolewa. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 ni kwamba watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Virusi visivyomgusa binadamu

Bakteria nao wana maadui wao. Ni virusi vidogo mno, vinavyoitwa bakteriofaji, au faji kwa ufupi, maana yake walaji wa bakteria. Havionekani kwa hadubini ya kawaida ya maabara. Ni hadubini ya elektroni pekee inayoonyesha umbo lao. Faji nyingi zina kichwa chenye pembe pembe kilichobeba vinasaba, mkia kama sindano, na miguu myembamba ya kujishikizia. Faji inapokutana na bakteria wake, hujishikiza juu ya ngozi yake, humwingizia vinasaba na kumgeuza kiwanda cha kuzalisha faji nyingine. Kwa faji iitwayo T4, ambayo imechunguzwa sana, shughuli nzima huchukua karibu nusu saa. Mwishowe bakteria hupasuka, na faji mpya mia moja au zaidi humwagika kutafuta bakteria wengine. Bakteria wakiisha, faji nazo hukosa pa kuzaliana na hutoweka taratibu.

Jambo la kushika zaidi ni uchaguzi wake. Faji huingia kwa bakteria mwenye kitasa kinachofanana na ufunguo wake tu. Faji ya bakteria wa kuhara damu haimgusi bakteria wa kidonda, na mara nyingi faji inayomwua bakteria wa kidonda cha mgonjwa mmoja haimwui yule wa jirani yake, ingawa bakteria hao wawili wana jina moja. Chembe za mwili wa binadamu hazina kitasa hicho kabisa. Hata bakteria wema wa tumboni, ambao antibaiotiki huwafagia pamoja na wabaya na kumwacha mgonjwa akiharisha, husalimika.

Uchaguzi huo ni baraka na ni mzigo. Antibaiotiki yenye uwezo mpana huweza kuandikwa kwa kukisia na ikafanya kazi. Faji haikisiwi. Bila kumjua bakteria kwa jina na bila kuwa naye mkononi, hakuna tiba.

Jinsi faji inavyopatikana inashangaza wengi. Mtaalamu huchota maji ya mfereji wa majitaka, au udongo, au kinyesi cha mifugo, mahali popote palipojaa bakteria, kwa kuwa palipo na windo hapakosi mwindaji. Huyapitisha maji hayo katika kichujio chenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hukwama na faji hupita. Kisha huchanganya maji yaliyochujwa na bakteria waliotoka kwa mgonjwa na kuwapanda juu ya ute mgumu katika kisahani cha maabara. Kesho yake bakteria huwa wametanda kama ukungu mweupe kisahani kizima. Pakiwa na faji inayofaa, ukungu huo huonekana umetobolewa madoa maangavu, kama nguo iliyoliwa na nondo. Kila doa ni mahali faji moja ilipoanzia kazi. Mtaalamu hudonoa doa, huzalisha faji hiyo, huisafisha kuondoa sumu zinazoachwa na bakteria waliopasuka, na kuhakikisha kwamba si ya lile kundi la faji ambalo, badala ya kumwua bakteria, hujificha ndani yake na huweza hata kumbebea vinasaba vipya.

Hapa msomaji asikosee. Kusema kwamba faji hupatikana katika maji machafu si kusema kwamba maji machafu ni dawa. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, aliyefanya kazi India, aliandika kwamba maji ya mto Ganges yaliwaua bakteria wa kipindupindu yakiwa mabichi, na yalipoteza nguvu hiyo yakichemshwa. Wengi hudhani sasa kwamba aliona kazi ya faji. Lakini watu waliendelea kufa kwa kipindupindu kandokando ya mto huo huo. Maji ya kunywa huchemshwa, na kidonda huoshwa kwa maji safi.

Dawa iliyosahauliwa

Frederick Twort wa Uingereza aliona dalili za viumbe hivi mwaka 1915. Aliyevipa jina na kuvigeuza kuwa tiba ni Félix d'Hérelle, akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, mwaka 1917, alipochunguza kinyesi cha wagonjwa wa kuhara damu. Mwaka 1919 alimtibu mvulana wa miaka 12 hospitalini Paris, baada ya yeye na wenzake kuinywa dawa hiyo kwanza ili kuona kama ina madhara. Mwaka 1925, akiwa Misri, aliwadunga faji kwenye mitoki wagonjwa wanne wa tauni, na wote wakapona. Wagonjwa wanne ni wachache mno kuthibitisha lolote, na d'Hérelle alikuwa mtu wa kujiamini kuliko ushahidi wake. Lakini habari hizo zilienea.

Penisilini ilipoanza kuuzwa, nchi za Magharibi ziliziacha faji. Sababu haikuwa ujinga. Antibaiotiki moja iliponya magonjwa mengi, ilitunzika kirahisi na haikuhitaji kumjua adui kwa jina. Mji wa Tbilisi huko Georgia haukuacha. Taasisi iliyoanzishwa na George Eliava mwaka 1923 ipo hadi leo, ingawa mwanzilishi mwenyewe aliuawa na utawala wa Stalin mwaka 1937, na wagonjwa kutoka nchi nyingi husafiri kwenda huko.

Biringanya iliyooza ya Durban

Kisa kinachowahusu zaidi watu wa mashamba kilianzia barani Afrika. Mwaka 2010, Lilli Holst, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal mjini Durban, alichukua sampuli chini ya biringanya iliyooza katika lundo la mboji. Ndani yake alipata faji, ikapewa jina Muddy, na ikapelekwa kuhifadhiwa Marekani katika maabara ya Graham Hatfull huko Pittsburgh, pamoja na maelfu ya nyingine zilizokusanywa na wanafunzi. Hakuna aliyejua kama ingefaa kitu.

Miaka kadhaa baadaye, hospitali moja ya London ilikuwa na binti wa miaka 15 mwenye ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito. Alikuwa amepandikizwa mapafu yote mawili, na baada ya upasuaji bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, alienea mwilini hadi kwenye kidonda na ngozi. Antibaiotiki zilikuwa zimeshindwa, naye alirudishwa nyumbani pasipo tumaini kubwa. Madaktari walituma bakteria wake Pittsburgh, pamoja na wale wa mgonjwa mwingine kijana. Kwa miezi kadhaa faji moja baada ya nyingine ilijaribiwa kisahanini. Muddy iliwaua bakteria wa binti huyo. Mbili nyingine zilifanya kazi nusu nusu, zikarekebishwa vinasaba vyake ili ziue kikamilifu. Juni 2018 alianza kupewa mchanganyiko wa faji hizo tatu kwa mshipa, mara mbili kwa siku. Baada ya miezi sita vidonda vya ngozi vilikuwa vimefifia karibu vyote, na taarifa yake ilichapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 2019.

Yule mgonjwa wa pili alifariki kabla faji ya kumfaa haijapatikana. Sehemu hiyo ya kisa haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayoonyesha ugumu wa tiba hii: muda unaohitajika kuutafuta ufunguo unaweza kuwa mrefu kuliko muda aliobakiwa nao mgonjwa.

Nchini Marekani, mwaka 2016, Tom Patterson, profesa wa San Diego, alizinduka kutoka usingizi wa mahututi siku chache baada ya kupewa faji kwa mshipa. Alikuwa ameugua akiwa safarini Misri mwishoni mwa mwaka 2015, kwa bakteria aliyekuwa sugu kwa dawa zote alizopewa. Mkewe, Steffanie Strathdee, ambaye ni mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, ndiye aliyewaandikia watafiti wa faji mmoja mmoja kuomba msaada. Mgonjwa asiye na mke wa taaluma hiyo asingepata kitu, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakijiuliza namna ya kuifanya tiba hii isitegemee bahati.

Yaliyoshindikana

Si kila jaribio limefanikiwa, na wananchi wana haki ya kulijua hilo kabla ya kuamini lolote litakalotangazwa redioni au kwenye simu. Jijini Dhaka, Bangladesh, watoto 120 wenye kuharisha walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Faji walizonyweshwa hazikuwadhuru, ila hazikuwaponya haraka kuliko maji ya chumvichumvi na matunzo ya kawaida. Huko Ufaransa na Ubelgiji, utafiti wa vidonda vya moto ulioanza mwaka 2015 ulisimama mapema, kwa sababu mchanganyiko wa faji ulipoteza nguvu ukiwa umehifadhiwa. Wagonjwa walipata dozi hafifu mara maelfu kuliko ilivyokusudiwa, na krimu ya kawaida ya vidonda ilifanya kazi upesi zaidi. Dawa iliyo hai huhitaji matunzo ya kilicho hai. Chanjo zinazopanda kutoka Chimala hadi Matamba katika masanduku ya baridi, kona 57 za mlima, zinawapa wakazi wa hapa picha nzuri ya maana ya maneno hayo.

Taarifa pana zaidi ilitoka Ubelgiji mwaka 2024, ikikusanya wagonjwa 100 wa mwanzo waliotibiwa kwa ushirikiano wa hospitali 35 katika nchi 12. Hali iliboreka katika asilimia 77.2 ya maambukizi, na bakteria waliokusudiwa waliondolewa kabisa katika asilimia 61.3. Hao hawakulinganishwa na kundi lisilopewa faji, kwa hiyo takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari. Kuna jambo moja ndani yake, hata hivyo, ambalo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila duka la dawa: uwezekano wa kuwaondoa bakteria ulipungua kwa asilimia 70 pale faji zilipotumiwa bila antibaiotiki. Zilifanya kazi vizuri zaidi pamoja. Bakteria anayejibadilisha ili kuikwepa faji mara nyingine hulazimika kuuacha ulinzi wake dhidi ya dawa, kama mtu anayehamisha mlinzi kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma. Kwa hiyo anayedhani kwamba antibaiotiki zikiharibika zote faji zitashika nafasi yake amekosea hesabu. Atakayezihitaji faji atazihitaji antibaiotiki pia.

Karibu na nyumbani

Nairobi, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen walichukua bakteria sugu aina ya Staphylococcus aureus, yule yule anayepatikana mara kwa mara katika majipu na vidonda, pamoja na faji zake, kutoka katika maji machafu ya Kaunti ya Nairobi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, panya walioambukizwa bakteria hao walitibiwa kwa faji, na maambukizi yakaondoka vizuri kuliko kwa dawa ya klindamaisini. Panya si binadamu, lakini ni hatua. Katika jiji hilo hilo, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, imetafuta faji za kuwaua bakteria wa Salmonella kwa kuku, ili mfugaji asilazimike kuchanganya antibaiotiki katika maji yao. Mafunzo ya kutafuta na kutunza faji yamekwisha kutolewa kwa wanasayansi vijana wa Afrika Mashariki huko Kampala na Nairobi.

Mkulima wa viazi ana sababu yake mwenyewe ya kufuatilia habari hizi. Mnyauko wa bakteria, unaosababishwa na Ralstonia solanacearum, haupoi kwa dawa yoyote ya kupulizia, na mkulima huutambua kwa kukata shina na kulitumbukiza katika glasi ya maji safi: nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka polepole kutoka kwenye mkato. Nchini China, watafiti wa Nanjing walieleza mwaka 2019 kwamba mchanganyiko wa faji kadhaa ulipunguza ugonjwa huo katika nyanya kwa hadi asilimia 80. Hapa kwetu kinga bado ni mbegu safi, kubadilisha mazao na kung'oa mimea iliyougua, na ushauri hupatikana kwa afisa ugani wa kata.

Mifugo nayo isisahauliwe. Ng'ombe wa maziwa aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibaiotiki ana siku ambazo maziwa yake hayapaswi kunywewa wala kuuzwa, na idadi ya siku hizo imeandikwa kwenye dawa yenyewe. Vidonge vya binadamu havipaswi kuyeyushwa katika maji ya kuku. Bakteria waliozoea dawa bandani hawana mpaka wa kuwazuia wasiingie jikoni.

Kipimo kinachotangulia dawa

Hadi sasa hakuna dawa ya faji iliyosajiliwa nchini kwa ajili ya kutibu watu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo yenye jukumu la kusajili dawa, na yeyote atakayekuja mnadani au kwenye gulio na chupa ya "walaji wa bakteria" atolewe taarifa kwa mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu.

Kinachopatikana tayari ni ile hatua ya kwanza ya tiba hiyo, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya kutumia antibaiotiki kwa usahihi: kumjua bakteria. Kipimo hicho huitwa kuotesha vimelea. Usaha, mkojo, damu au makohozi huwekwa katika chakula cha bakteria, wakaota, wakatambuliwa, kisha wakapangiwa vidonge vidogo vya dawa mbalimbali ili ionekane ipi inawaua na ipi wanaipuuza. Kwa kawaida majibu huhitaji siku mbili hadi tatu. Zahanati hazina maabara ya namna hiyo. Kipimo hufanyika katika hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na mgonjwa hufika huko kwa barua ya rufaa.

Wapo wanaoona rufaa hiyo kuwa ni kusukumwa. Nauli ya kushuka mlima ni fedha halisi, na siku tatu za kusubiri majibu wakati wa kuvuna viazi ni hasara halisi. Lakini dozi tatu zilizonunuliwa kwa kukisia nazo ni fedha, na mguu uliochelewa hugharimu zaidi. Mgonjwa aliyetumia antibaiotiki ya aina mbili bila nafuu ana haki ya kumuuliza mhudumu: je, si wakati wa kuotesha?

Kipimo hiki huharibika kwa sababu ndogo. Antibaiotiki iliyomezwa asubuhi huweza kuwadhoofisha bakteria kiasi kwamba hawaoti maabara, na majibu yakarudi yakisema hakuna kitu, ilhali ugonjwa upo. Kwa hiyo sampuli, inapowezekana, huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Mkojo uliokaa katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili huzaa bakteria wa ziada na kudanganya. Hupelekwa upesi au huwekwa kwenye baridi. Kidonda huoshwa kabla ya kuchukuliwa sampuli, ili kinachopimwa kiwe bakteria wa ndani na si vumbi la juu.

Mgonjwa mahututi hasubirishwi kipimo. Homa kali yenye kutetemeka, kupumua kwa shida, mtoto aliyelegea au asiyenyonya, mstari mwekundu unaopanda kutoka kidondani: hao hupelekwa kituoni saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na mhudumu huanza dawa mara moja. Aidha, waliopangiwa kotrimoksazoli ya kila siku katika kliniki ya tiba na matunzo wanaitumia kama kinga kwa mpango maalumu. Wasiiache kwa sababu ya somo hili, wala wasiigawie wanafamilia wengine.

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, yanaruhusiwa kuuza antibaiotiki chache zilizoorodheshwa, kwa cheti cha mhudumu wa afya. Muuzaji anayemwomba mteja cheti anafanya kazi yake, asichukiwe. Dawa hutumiwa kwa siku zilizoandikwa, bila kupunguza na bila kuongeza, na zinazobaki hazihifadhiwi kwa ajili ya homa ya mwakani.

Anayekwenda zahanati na kidonda kisichopona achukue maganda na pakiti za dawa zote alizotumia, hata zile alizopewa na jirani, azifunge katika mfuko mmoja na kuzimwaga mezani mbele ya mhudumu. Asiyekuwa na pakiti aandike tarehe alizoanza na kumaliza kila dawa, na rangi ya vidonge kama hakumbuki majina.